Kukomboa Nyumba Baada ya Mnada Marekani: Tunaipima Michigan, na Wenzake Watatu

Nyundo ya mnada ikishagonga, wengi hufungasha. Katika majimbo kadhaa ya Marekani huko ni kufungasha mapema mno. Sheria inampa mtu ambaye nyumba yake imeuzwa kwa nguvu kwa sababu ya deni muda maalumu wa kurudi na fedha, kulipa kile mshindi wa mnada alichotoa pamoja na riba, na kuirudisha nyumba kana kwamba haikuuzwa. Hapa tunaipima haki hiyo kama huduma nyingine yoyote: bei yake, muda wake, karatasi zake, na pale inapomwangusha mteja. Tumeichukua Michigan kama mfano mkuu kwa sababu utaratibu wake ni wazi kuliko wa wengi, kisha tumepita Minnesota, Alabama na IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu.

Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Kulipa malimbikizo kabla ya mnada ni haki moja, nayo ipo karibu kila mahali. Kukomboa baada ya mnada ni haki nyingine, na majimbo mengi hayaitoi kabisa. California haiitoi kwa nyumba iliyouzwa bila kupitia mahakamani. Texas haiitoi kwa mnada wa rehani wa kawaida; lakini nyumba ya kuishi ikiuzwa kwa sababu ya kodi ya ardhi, mwenyewe ana miaka 2 ya kuikomboa, kwa nyongeza ya asilimia 25 mwaka wa kwanza na asilimia 50 mwaka wa pili. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Marekani unapewa miezi sita", muulize: jimbo gani, na mnada wa nini?

Michigan: bei ni dau, si deni

Jambo linalowashangaza wengi kuhusu Michigan ni hili: kiasi cha kukombolea hakihesabiwi kutoka kwenye deni, bali kutoka kwenye dau lililoshinda. Kifungu 600.3240 cha sheria za jimbo kinataja vipande vyake: dau lenyewe, riba kuanzia siku ya mnada kwa kiwango kilekile kilichoandikwa kwenye rehani, ada ya sherifu aliyoilipa mnunuzi, na dola 5 za utunzaji wa fedha iwapo unalipia ofisi ya msajili wa hati ya kaunti. Juu ya hapo yanaongezwa malipo machache ambayo mnunuzi ameyafanya baada ya mnada: kodi ya ardhi, bima ya nyumba, michango ya umoja wa wamiliki, au deni lililotangulia lile lililouzisha nyumba.

Tuseme deni lilikuwa dola 171,000, benki ikaweka dau la 128,400 na hakuna aliyepanda juu yake. Riba ya rehani ni asilimia 6.5. Kwa mwaka hiyo ni dola 8,346, yaani dola 22.87 kwa siku. Ukikomboa siku ya 170, riba ni 3,887.90. Mnunuzi akiwa amelipa kodi na bima ya dola 1,640, ukijumlisha na zile dola 5 unafika 133,932.90, ukiacha ada ya sherifu. Umeirudisha nyumba kwa pungufu ya deni lililokuwa likidaiwa. Usishangilie bado: zile zaidi ya dola 40,000 zilizobaki hazikufutika, na benki inaweza kukudai mahakamani kama deni la kawaida, isipokuwa mkataba au sheria imeizuia. Utetezi mmojawapo ni kuonyesha kwamba dau lilikuwa chini mno ya thamani halisi ya nyumba.

Upande wa pili wa sarafu unauma zaidi. Benki ikiweka dau sawa na deni lote, bei ya ukombozi inapanda nalo. Na mtu wa tatu akiweka dau kubwa kuliko deni, ziada ni mali ya mwenye nyumba (baada ya wadai wengine wenye haki juu ya nyumba hiyo), lakini haiji yenyewe: sharti idaiwe. Kudai ziada na kukomboa ni njia mbili tofauti, kwa hiyo chagua unayoifuata kabla hujasaini chochote.

Saa inaanza lini, na ina miezi mingapi

Muda unahesabiwa tangu siku ya mnada. Siyo siku hati ya sherifu, ile anayopewa mshindi wa mnada, iliporekodiwa, wala siku uliyopokea barua. Hapa ndipo watu hupoteza wiki mbili tatu bila kujua.

Kwa nyumba ya makazi isiyozidi familia nne, miezi ni 6 ikiwa kiasi kilichodaiwa kwenye tangazo la mnada kilizidi theluthi mbili ya mkopo wa awali. Kikiwa hakijazidi, ni mwaka mzima. Hesabu hii ifanyie kazi kwa kalamu. Mkopo wa awali ukiwa dola 180,000, mpaka ni 120,000. Tangazo likisema 121,000, una miezi 6. Likisema 119,000, una mwaka. Kinachopimwa ni kiasi kilichodaiwa siku ya tangazo, kikiwa na riba iliyolimbikizwa ndani yake, kwa hiyo mtu aliyekuwa amelipa vizuri kwa miaka anaweza kusukumwa upande wa miezi 6 na malimbikizo tu. Shamba lina mwaka. Jengo la biashara lina miezi 6.

Tarehe ya mwisho lazima iandikwe kwenye cheti cha mnada. Isome huko, kisha uihesabu mwenyewe. Zikitofautiana, fuata iliyo fupi hadi wakili akuambie vingine.

Nyumba inayoonekana kutelekezwa hupunguziwa muda, na hili ndilo tundu baya kuliko yote katika mpango huu. Mkopeshaji anakagua, anabandika taarifa mlangoni na kutuma barua ya rejista kwamba anaichukulia nyumba kuwa imeachwa. Mwenye nyumba ana siku 15 za kujibu kwa maandishi, kwa posta, kwamba hajaiacha. Asipojibu, miezi yake 6 inaweza kuyeyuka ikabaki mwezi mmoja au mitatu kutegemea aina ya nyumba na deni. Dawa ni karatasi moja yenye sentensi moja, na stakabadhi ya posta. Wanaopoteza nyumba hapa karibu kila mara ni wale waliohamia kwa ndugu huku barua zikirundikana kwenye sanduku la nyumba ya zamani.

Kupata hesabu iliyo sahihi

Ofisi ya msajili wa hati inapokea fedha yako lakini imekatazwa kukuhesabia. Sheria inasema hivyo waziwazi, kwa hiyo karani anayekukatalia hana kiburi. Hesabu iko kwenye kiapo ambacho mnunuzi anatakiwa kukiambatisha na hati ya sherifu: kiasi kamili cha kukombolea na riba ya kila siku. Nakala unaipata palepale masijala.

Mnunuzi anaweza kumtaja mtu wa kusaidia kuhesabu, ambaye anaruhusiwa kutoza ada iliyoandikwa kwenye kiapo, isiyozidi dola 250. Kwa macho ya haraka ni gharama ya bure. Kwa maoni yetu ndiyo fedha inayotumika vizuri kuliko zote katika shughuli hii, kwa sababu mnunuzi analazimika kukubali kiasi kilichokokotolewa na mtu huyo. Omba jibu kwa maandishi, likiwa na tarehe ambayo kiasi kinafanya kazi. Baada ya hapo hakuna wa kukuambia umepungukiwa dola 11.

Kuhusu kodi na bima, kanuni ni kali kwa mnunuzi. Anatakiwa kuwasilisha kiapo na stakabadhi za malipo hayo kwa msajili. Asipofanya hivyo, malipo hayo hayaingii kwenye bei yako. Kwa hiyo masijala inatazamwa mara mbili: wiki moja kabla ya kulipa na asubuhi ya siku ya kulipa, kwa sababu kiapo kipya kinaweza kuwa kimeingia katikati. Na ukiona kwenye ankara yao gharama za kukata nyasi, kubadilisha vitasa au "utunzaji wa mali", uliza zimetoka kifungu gani. Orodha ya sheria ni fupi na hivyo havimo.

Malipo ni ya mkupuo. Hakuna awamu, hakuna "nitamalizia Jumatatu". Nenda na hundi ya benki, siyo hundi ya mtu binafsi, na usiende siku ya mwisho saa kumi jioni. Mkombozi anaweza kumlipa mnunuzi moja kwa moja au msajili. Tunapendekeza msajili, kwa zile dola 5, kwa sababu mnunuzi aliyesafiri ghafla wiki ya mwisho si jambo la kufikirika tu. Chukua stakabadhi na hakikisha malipo yanaandikwa kwenye kumbukumbu za hati, la sivyo hati ya sherifu itaendelea kusomeka kama bado ni hai.

Anayestahili kukomboa si aliyeweka nyumba rehani peke yake. Warithi na wasimamizi wa mirathi wamo, pamoja na yeyote aliyepata haki kihalali kupitia kwake. Mtoto ambaye mama alifariki nyumba ikiwa kwenye mnada hahitaji kuwa ametajwa kwenye mkopo.

Matumizi halisi: kuuza, siyo kulipa

Tuseme ukweli. Aliyeshindwa kulipa dola 1,300 kwa mwezi hapati 134,000 ndani ya miezi sita. Anayeitumia haki hii kwa faida ni yule anayeuza nyumba ndani ya muda huo. Nyumba ya thamani ya dola 190,000 ikipata mnunuzi, kampuni inayosimamia mauzo inapeleka fedha ya ukombozi moja kwa moja kwa msajili, na kinachobaki baada ya gharama na madeni mengine kinakwenda mfukoni mwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba anaruhusiwa kuuza. Bado ni mmiliki hadi muda uishe.

Hesabu nyuma kutoka tarehe ya mwisho. Mnunuzi anayetumia mkopo kwa kawaida huhitaji siku 30 hadi 45 kumaliza taratibu za benki yake. Weka wiki mbili za ziada kwa tathmini iliyochelewa au jina lililoandikwa vibaya. Kwa hiyo nyumba inayotangazwa mwezi wa tano baada ya mnada imechelewa. Iwe sokoni kabla ya mwezi wa pili kwisha. Wauzaji wazoefu huitaja tarehe ya ukombozi kwenye mkataba wenyewe ili mnunuzi asije akaomba kusogeza mbele.

Ni hapa pia ambapo wanaingia wale wa kugonga mlango na dola 500 taslimu wakitaka usaini hati ya kuachia haki zako. Wanachonunua ni tofauti kati ya bei ya ukombozi na bei ya soko. Katika mfano wetu ni zaidi ya dola 50,000. Nafuu utupe kadi yao.

Katika kipindi chote hiki mwenye nyumba anakaa ndani bila kulipa kodi ya pango kwa mnunuzi wa mnada. Mnunuzi ana haki ya kukagua nje na ndani baada ya kutoa taarifa. Kumzuia bila sababu, au kuacha nyumba iharibike, kunampa njia ya kwenda mahakamani kuomba umiliki, na akishinda, haki ya kukomboa inakufa kabla ya tarehe yake. Kung'oa makabati ya jiko kwa hasira ni njia ya mkato ya kupoteza miezi minne.

Kufungua shauri la kufilisika hakusimamishi saa kama watu wanavyodhani. Sheria ya serikali kuu, kifungu 108(b), inatoa siku 60 tangu kufungua shauri ikiwa muda uliobaki ni mfupi kuliko huo. Basi. Na mpango wa kulipa malimbikizo kidogo kidogo kwa nyumba ya kuishi umefungwa mara nyumba inapouzwa kwenye mnada halali. Kufungua shauri siku moja kabla ya mnada na siku moja baada yake ni mambo mawili yaliyo mbali kama mbingu na ardhi.

Michigan tunaipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja imekatwa kwa ajili ya ule utaratibu wa nyumba "iliyotelekezwa".

Minnesota: foleni ya wadai

Muda unafanana: miezi 6, au 12 ikiwa deni limeshuka chini ya theluthi mbili ya mkopo wa awali au kiwanja kinazidi ekari 10. Hati iko kwa sherifu na malipo yanaweza kupitia kwake. Tofauti ni kinachotokea mwenye nyumba asipokomboa. Wadai wa nyuma yake, kwa mfano benki ya mkopo wa pili au fundi aliyesajili dai lake, wanapanga foleni, kila mmoja akipewa siku 7 za kukomboa kwa zamu ya kipaumbele, mradi wawe wamerekodi nia yao angalau wiki moja kabla ya muda wa mwenye nyumba kuisha. Mdai aliyesahau wiki hiyo amekwisha. Mwenye nyumba akikomboa mwenyewe, mnada unabatilika na madeni ya wadai hao yanabaki juu ya nyumba vilevile, asidhani ameisafisha.

Minnesota ina kitu kizuri ambacho wengine hawana. Kabla ya mnada, mwenye nyumba anaweza kurekodi kiapo, angalau siku 15 kabla, na kuahirisha mnada kwa miezi 5, kwa kukubali muda wa ukombozi ushuke hadi wiki 5. Jumla ya muda ni karibu ileile, lakini miezi mitano ya kwanza inakuwa kabla ya mnada, wakati bado unaweza kulipa malimbikizo tu badala ya bei nzima. Anayetarajia kazi mpya au mafao achague hii. Anayetaka kuuza asihangaike nayo.

Jimbo hili lina historia ndefu na jambo hili. Wakati wa mdororo mkuu, mwaka 1933, lilirefusha muda wa ukombozi kwa sheria ya dharura, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaikubali mwaka 1934 katika shauri la Blaisdell. Karibu karne moja kabla, mwaka 1843, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeikataa sheria ya Illinois iliyowapa wadaiwa miezi 12 ya kukomboa kwa rehani zilizokuwa zimeshasainiwa. Nyota tatu na nusu.

Alabama: fungasha kwanza

Kwa nyumba ya kuishi yenye rehani iliyosainiwa kuanzia 2016, muda ni siku 180. Kwa mali nyingine, mwaka. Siku zenyewe si tatizo. Tatizo ni kwamba mnunuzi akikuandikia kutaka nyumba, una siku 10 za kuhama, na usipohama haki yako ya kukomboa inapotea. Wengi hukaa ndani wakiamini kukaa kunawalinda, kumbe ndiko kunakowamaliza.

La pili: bei hupanda na ukarabati. Mnunuzi akijenga na kuboresha, thamani ya maboresho ya kudumu inaingia kwenye unachotakiwa kulipa. Kinga yako ni barua. Mtumie mnunuzi ombi la maandishi la kutaka orodha ya gharama zote. Ana siku 10 za kujibu, na akikaa kimya anapoteza dai lake la maboresho. Itume mapema, kabla mafundi hawajaweka sakafu mpya. Nyota mbili.

IRS: ghali lakini safi

IRS ikiuza nyumba kwa ajili ya kodi ya mapato isiyolipwa, muda ni siku 180 tangu mnada, kwa kifungu 6337 cha sheria ya kodi ya serikali kuu, na hauongezwi. Bei ni alicholipa mnunuzi na riba ya asilimia 20 kwa mwaka. Dau la dola 60,000 likikombolewa siku ya 150 linakuwa 64,931.51. Hakuna orodha ya kodi, bima wala nyasi. Mlipaji anaweza kuwa mwenye mali, mrithi, mtu mwenye dai juu ya mali hiyo, au yeyote kwa niaba yao. Mnunuzi asipopatikana katika kaunti ilipo mali, fedha inapokelewa na IRS kwa niaba yake. Hadi siku 180 ziishe mnunuzi ana cheti tu, hana hati.

Mnada wa IRS hauondoi rehani iliyotangulia, ndiyo maana madau huwa madogo. Ukikomboa, benki yako ya zamani bado iko palepale ikisubiri malipo ya mwezi, na kodi iliyobaki baada ya mauzo bado unadaiwa. Usichanganye siku hizi 180 na zile 120 zinazotajwa kwenye barua za benki: hizo ni za serikali yenyewe kuikomboa nyumba mikononi mwa mnunuzi wa mnada wa rehani pale ilipokuwa na dai la kodi lililo nyuma ya rehani hiyo. Mwenye nyumba hazimhusu. Nyota tatu.